Redio ya Akina Mama wa Nthongoni

Redio Mang'elete ilianza kurusha matangazo mwaka 2004 kutoka Nthongoni, upande wa Mtito Andei, kaunti ya Makueni, Kenya. Walioianzisha hawakuwa matajiri wala wanasiasa. Ni vikundi 33 vya akina mama wa eneo kame, ambao mahitaji yao hayakupata nafasi katika vituo vya mijini.

Kazi ya redio hii ninayoiheshimu zaidi ni ya msimu wa kupanda. Huku Ukambani, mvua ya kutegemewa ni ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi huwaangusha wengi. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa huja kwa lugha ya uwezekano na asilimia. Mtangazaji wa redio ya jamii kama hii anaketi nao, kisha anazungumza kwa Kikamba na mkulima mwenye mbegu kidogo mno: apande sasa kwenye vumbi, au angoje ardhi ilowe? Atie pojo, inayokomaa kwa miezi miwili na ushei, au mahindi? Akionyesha uhakika usiokuwemo, mbegu zitachipua kwa mvua ya siku mbili na kukauka. Akijaza tahadhari tupu, hajamsaidia mtu. Na wasikilizaji ni majirani zake. Atakutana nao sokoni mazao yakishindwa.

Matangazo mengine ni ya kila siku: tangazo la mazishi, ng'ombe aliyepotea, kliniki ya watoto. Redio za namna hii hutegemea sana watu wa kujitolea. Mtambo ukiharibika, fedha za kuutengeneza hutafutwa katika vijiji vilevile vinavyongoja mvua.