Nguzo Mama Darasani na Akina Mama wa Amuru

Tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982) inafahamika vizuri na wanafunzi wetu, na majibu yao ya mtihani tunayajua hata kabla ya kufungua karatasi: wanawake wa kijiji cha Patata wameshindwa kuisimamisha nguzo kwa sababu hawana umoja. Tunatoa alama, tunaendelea. Kwa maoni yetu usomaji huu unaipunja tamthilia, na unawapunja zaidi wanawake wa vijijini.

Tuangalie matini yenyewe. Mama anapoiacha kazi ya nguzo huwa anavutwa na shida ya nyumbani kwake. Mjane ananyang'anywa mali na ndugu za marehemu. Je, huo nao ni ugomvi wa wanawake?

Tulinganishe na wilaya ya Amuru, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2012 huko Lakang, na tena Aprili 2015 huko Apaa, akina mama walivua nguo mbele ya maofisa waliofika kwa suala la ardhi. Huko Apaa walikuwamo mawaziri wawili. Kwa Waacholi, mama mzee akijivua nguo mbele ya aliyemkosea, hiyo ni laana nzito, wala si utovu wa adabu. Shida za Patata walikuwa nazo zote, pamoja na kumbukumbu ya miaka mingi ya kambi za wakati wa vita. Hazikuwazuia.

Hapa ndipo tunapomdai mwandishi kidogo. Wahusika wake ni Bi Moja, Bi Pili, hadi Bi Nane. Wahakiki husifu mbinu hii kwamba inawakilisha wanawake wote. Sawa, lakini mtu wa namba hana ukoo wala shamba. Laana ya Apaa ilikuwa na uzito kwa sababu aliyeitoa alijulikana ni mama wa nani na analima wapi. Picha zilipoenea magazetini na katika intaneti, zilikifikisha kilio chao mbali sana, ila njiani majina yakadondoka. Mtazamaji wa mbali aliona miili; mpaka uliogombewa hakuuona. Na mgogoro haukuisha: mwaka 2018 wakazi zaidi ya 200 wa Apaa walipiga kambi katika ofisi ya Umoja wa Mataifa mjini Gulu.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi walimu. Kwa wazee wengi wa kaskazini, Kiswahili ni lugha waliyoisikia kwanza kinywani mwa askari. Tukiwapelekea Nguzo Mama kwa sauti hiyo hiyo, tusishangae wakinyamaza. Tunapendekeza onyesho la mjane liigizwe kwanza kwa Kiacholi, wahusika wapewe majina na akina mama wenyewe, ndipo wanafunzi walirudishe katika Kiswahili. Swali la umoja linaweza kungoja muhula mwingine.