Mbale, Taka na Magwangala: Istilahi za Modeli ya Mgodi wa Wazi

Katika uchimbaji teule, modeli ya kompyuta huugawa mwamba katika vipande mithili ya matofali na kukadiria dhahabu iliyomo katika kila kimoja. Mbinu ya Lerchs na Grossmann ya mwaka 1965 hutafuta umbo la shimo lenye faida kubwa kuliko yote. Hisabati yake ni thabiti. Istilahi ndiyo inayopotosha. Kipande kisichofikia kiwango cha ukomo kikiitwa “taka”, msomaji hudhani hiyo ni sifa ya jiwe, ilhali kiwango hicho hufuata bei ya dhahabu na gharama ya uchenjuaji. Wakazi wa Geita, wanaoyaponda mawe hayo kutafuta masalia ya dhahabu, huyaita “magwangala”, neno aminifu zaidi. Hati ya sera inayoandika “taka” haina budi kueleza ni nani mwenye haki nayo bei ikipanda.