Mafundi wa Kugeuza Hewa Jiwe

Pampu ya kisima cha uchunguzi iliziba na kufa. Wataalamu walipoitoa waliikuta imegandwa na ukoko wa kalsaiti. Hii ni Hellisheiði, kwenye mtambo wa umeme wa jotoardhi kusini-magharibi mwa Iceland, na ukoko ule ulikuwa ndio kitu walichokuwa wakikitafuta: hewa ya ukaa waliyoizika wenyewe, sasa ni jiwe.

Walijuaje kuwa ni ileile? Hapa ndipo ninapouvulia kofia ufundi wa mradi wa CarbFix. Mwanzoni mwa 2012 waliposhusha tani 175 za hewa ya ukaa, waliitia alama kwa chembe za kaboni-14. Katika maji yaleyale walichanganya gesi nyingine isiyoungana na mwamba. Kisha wakangoja kwenye kisima cha pili, wakipima sampuli baada ya sampuli. Gesi ile ya alama ilifika pamoja na maji. Kaboni nyingi haikufika. Ilikuwa imebaki njiani, ndani ya mwamba. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2016, hesabu ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 95 iligeuka madini katika muda usiozidi miaka miwili, kazi ambayo wengi walidhani ingechukua karne nyingi.

Siri iko katika kuyeyusha. Kwenye eneo la gesi la Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, hewa ya ukaa imekuwa ikisukumwa chini ya sakafu ya bahari tangu 1996. Kule ni nyepesi kuliko maji ya chumvi yaliyomo mwambani, hivyo hupanda, na huzuiwa na tabaka la mwamba usiopitisha gesi juu yake. Hellisheiði hawakutaka kutegemea kifuniko. Katika jaribio la 2012 waliachilia viputo vya gesi ndani ya maji, mamia ya mita chini kisimani, ambako shinikizo liliviyeyusha kama gesi ndani ya soda iliyofungwa. Maji hayo huwa mazito kuliko maji ya kawaida, kwa hiyo huzama. Yana asidi, nayo huila basalti, mwamba wa volkeno wa huko, na kutoa humo kalsiamu, magnesi na chuma. Kadiri mwamba unavyoliwa, ndivyo asidi inavyopungua, hadi kaboni inashikana na madini hayo na kujaza vitundu vya mwamba.

Gharama yake ni maji: takriban tani 25 kwa kila tani ya hewa ya ukaa. Nayo kazi bado ni ndogo. Orca, mtambo wa kunyonya hewa ya ukaa kutoka angani uliozinduliwa hapohapo mwaka 2021 na ambao hewa yake huzikwa kwa njia hii, ulijengwa kwa uwezo wa tani 4,000 kwa mwaka, huku dunia ikitoa mabilioni ya tani kila mwaka. Anayeutumia ufundi huu kama kisingizio cha kuendelea kuchoma mafuta anawadhulumu waliouunda.

Wahandisi wengi wa Olkaria, kwenye mitambo ya jotoardhi ya Kenya, wamesomea jotoardhi Iceland, na Bonde la Ufa lina basalti yake. Lakini kila mwamba una tabia yake. Wahandisi hao wapewe fedha za kuchimba visima vya uchunguzi, na muda wa kupima, kabla mtu yeyote hajauza ahadi ya tani hata moja.