Namna ya Kumpima Beki wa Kati: Kipimo cha Gamarra

Beki akiteleza chini na kuukwanyua mpira mguuni mwa mshambuliaji, uwanja mzima humpigia makofi. Kabla hujapiga yako, jiulize kwa nini amelazimika kuteleza. Mara nyingi ni kwa sababu alichelewa hatua mbili.

Kipimo changu ni Carlos Gamarra wa Paraguay. Kwenye Kombe la Dunia la 1998 alicheza mechi zote nne za nchi yake bila kupulizwa faulo hata moja. Bulgaria na Hispania hazikupata goli. Wenyeji Ufaransa, waliokuja kuwa mabingwa, walihangaika mjini Lens hadi dakika ya 114, Laurent Blanc alipofunga goli la dhahabu. Gamarra alimaliza mechi hiyo akiwa na bega lililoumia.

Ukimtazama beki wa kati, angalia haya.

Mpira ukiwa mbali. Achana na mpira, mtazame yeye. Beki aliyeiva hageuki sanamu: huzungusha kichwa kila mara ajue mshambuliaji yuko wapi, mwenzake amesimama wapi, na upenyo uko upande gani. Husogea kabla pasi haijapigwa. Gamarra hakuwa pandikizi la mtu, lakini krosi zilimkuta ameshafika.

Mkao wa mwili. Anayemkabili mshambuliaji kifua wazi na miguu sambamba anaomba kupigwa tobo. Anayejua kazi husimama kiubavu, mguu mmoja nyuma, magoti yamelegea, na humwachia mpinzani njia moja tu, ya pembeni. Kisha anasubiri. Mpira ukimponyoka mshambuliaji kidogo tu, mguu wa beki unaingia na kugusa mpira peke yake. Subira hiyo ndiyo ufundi wenyewe, na ndiyo iliyomlinda Gamarra dhidi ya filimbi.

Mikono. Ukiona beki anavuta jezi, ujue ameshapitwa.

Baada ya kuupata mpira. Kubutua kunaruhusiwa pakiwaka moto. Lakini beki wa daraja la juu huunyang'anya mpira na papo hapo humpa mwenzake, shambulizi likaanzia hapo.

Sasa tahadhari mbili. Kwanza, usihesabu faulo tu. Wapo mabeki wasiocheza faulo kwa sababu hawamkaribii mtu. Hao wapime kwa mashuti yanayopigwa mbele yao. Pili, usimhukumu mchezaji kwa tukio moja. Kwenye Kombe la Dunia la 2006, mjini Frankfurt, Gamarra alijifunga kwa kichwa dakika ya tatu kutokana na mpira wa adhabu wa David Beckham, na Uingereza ikashinda 1-0. Goli hilo halifuti mechi zaidi ya 100 alizoichezea Paraguay, ubingwa wa Brazili wa 1998 akiwa na Corinthians, wala medali ya fedha ya Olimpiki ya Athens 2004.

Mechi ijayo, chagua beki mmoja umfuatilie kwa dakika 20 mfululizo. Ukiona mshambuliaji wake hapati mpira akiwa ameelekea goli, mwamuzi hamjui, na jezi bado safi, usiendelee kutafuta: huyo ndiye beki.