Ncha Isiyoonekana

Katikati ya mwezi wa saba, saa tano usiku, wingu la Laguna katika kundi la Mshale hufika nyuzi 74 juu ya upeo wa Ifakara, karibu kabisa na utosi. London wingu hilohilo haliinuki zaidi ya nyuzi 14. Masika yamepita, mpunga mwingi umeshavunwa, na mwenye ua mdogo katika mtaa wa Viwanja Sitini ana anga la kutamaniwa na mpiga picha wa nyota.

Chombo chenyewe si cha kitajiri. Darubini ya kioo, ya aina aliyoiunda Newton mwaka 1668, ni nafuu kwa sababu kioo husuguliwa upande mmoja tu; darubini nzuri ya lenzi huanzia lenzi mbili, nyuso nne. Kioo cha milimita 130 hukusanya nuru zaidi ya mara 300 ya jicho. Ila kinataka matunzo. Kioo kikuu na kile kidogo cha juu lazima vitazamane sawasawa, skrubu zikazwe na kulegezwa kidogo kidogo. Bomba nalo litolewe nje mapema lipoe, maana kioo chenye joto la mchana huivuruga hewa iliyo mbele yake na nyota zikatetemeka.

Ustadi ninaouheshimu kuliko wote uko chini, kwenye stendi. Bomba lenye urefu wa fokasi wa milimita 650 likisimama tu, nyota huvuka vinukta zaidi ya 10 vya kamera kwa sekunde moja. Mota huweza kuifuata, mradi mhimili wake uelekee ncha ya anga, nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Aliye Ulaya huilenga Nyota ya Kaskazini, na kazi kubwa imekwisha. Ifakara iko nyuzi 8 kusini mwa ikweta: nyota hiyo haionekani, na ncha ya kusini iko nyuzi 8 tu juu ya upeo, palepale unapotanda ukungu wa bonde na moshi wa mashamba yanayochomwa. Sigma Octantis, nyota iliyo jirani nayo, ni hafifu hata anga likiwa safi. Tena stendi nyingi hazikuundwa kulala hivyo. Chuma cha kusawazisha uzito hugonga mguu.

Basi fundi huitafuta ncha asiyoiona. Huchagua nyota kaskazini kidogo ya utosi, inakopita ikweta ya anga, huiweka katikati ya picha, mota ikienda, kisha husubiri. Ikiteleza kwenda kaskazini au kusini, mhimili umekosea kushoto au kulia. Huusogeza kiasi cha unywele, husubiri tena. Halafu hushika nyota ya chini upande wa mashariki, kupima mwinuko. Saa nzima yaweza kwisha hivyo kabla ya picha ya kwanza.

Ndiyo maana mwenye fedha kidogo ningemshauri anunue stendi imara kwanza, kioo kikubwa baadaye.

Picha moja ya sekunde 30 ni kijivu chenye chenga. Zikirundikwa 100 kwa programu ya bure kama Siril, chenga hupungua mara 10, kwa kuwa 10 ndiyo kipeuo cha pili cha 100. Hapo waridi la haidrojeni hujitokeza, na vijia vyeusi vya vumbi vikilikata. Umande ukishuka, kioo kidogo hupashwa joto kwa betri. Kabla ya kukunja vifaa, fundi huchora alama tatu kwenye saruji, miguu ya stendi iliposimama, ili kesho marekebisho yaanzie karibu na ncha.