Ukishika Nyuzi Kelele Ikakata: Ushauri wa "Toa Ethi" Unakosea Wapi

Kama umewahi kukaa kwenye mazoezi ya bendi au kwaya, unaijua ile sauti. Mpiga gitaa hajagusa chochote, lakini spika inavuma: mmmmm. Akishika nyuzi, inapungua. Akiachia, inarudi. Hapo hakosi kutokea mjuzi mmoja, na hukumu yake ni hii: "Hiyo ni ethi. Fungua plagi ya amplifaya, toa ule waya wa kijani, kelele itaisha."

Niliusikia ushauri huu nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Fundi alifungua plagi mbele yetu, akakata waya wa ethi kwa koleo, na kweli mvumo ukaisha karibu wote. Tukampigia makofi. Leo, baada ya miaka kadhaa ya kushinda maabara nikipambana na kelele za umeme kwenye vipimo vyangu, naona tulipigia makofi jambo la hatari. Lakini tuukosoe ushauri huu kwa haki. Hauishi mitaani kwa sababu watu ni wajinga; unaishi kwa sababu wakati mwingine unafanya kazi.

Tuanze na gitaa lenyewe. Pikapu (si gari, ni kile kisanduku kilicho chini ya nyuzi) ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, uga wa sumaku unabadilika na umeme mdogo sana unazaliwa kwenye koili. Sasa koili haichagui. Transfoma iliyo karibu nayo inatoa uga unaocheza kwa mwendo wa umeme wetu, yaani mara 50 kwa sekunde, na koili inaupokea kama vile ni muziki.

Mwili wako nao ni antena. Unaokota umeme wa nyaya zilizo ukutani na kuupeleka karibu na gitaa. Ukishika nyuzi, unaungana na daraja la nyuzi, kisha waya mdogo ndani ya gitaa, kisha wavu wa kebo, kisha bodi la chuma la amplifaya, hadi ardhini. Mwili unaacha kuwa antena na unageuka kuwa kinga.

Hapo ndipo ushauri wetu unapokosea mara ya kwanza. Kelele kupungua ukishika nyuzi hakuonyeshi kwamba ethi ni mbovu. Kunaonyesha kwamba njia ya kwenda ardhini ipo na inafanya kazi! Dalili imesomwa kinyume.

Kosa la pili ni zito zaidi. Kwa nini basi kukata ethi kulisaidia siku ile? Amplifaya ilichomekwa ukuta mmoja, mikisa ya sauti ukuta mwingine, na kebo ya sauti ikaviunganisha. Vyombo viwili, njia mbili za ardhini, kebo katikati: ukichora unapata duara. Umeme mdogo unazunguka humo na kuleta mvumo. Kata ethi ya chombo kimoja, duara limevunjika, kimya.

Lakini waya ule haukuwekwa kwa ajili ya sauti. Kazi yake ni hii: waya wenye volti 230 ukichomoka ndani ya amplifaya na kugusa bodi la chuma, umeme ukimbilie ardhini kwa nguvu, fyuzi iungue, mambo yaishe. Ukiutoa, ulinzi wako unabaki kwenye kebo nyembamba ya sauti. Ikichomolewa, bodi la chuma, wavu wa kebo na nyuzi za gitaa vyote vinaweza kuwa na volti 230, na wewe umezishika. Sogeza mdomo kwenye maikrofoni iliyounganishwa na ardhi, na umeme unapita mkononi, kifuani, hadi mdomoni.

Hili si la kutunga. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alipigwa na umeme jukwaani Swansea, nchini Uingereza, akafa; alikuwa na gitaa na akagusa maikrofoni, ethi ikiwa na kasoro. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyewahi kuimba na The Yardbirds, alikufa nyumbani kwa umeme wa gitaa lisilo na ethi sahihi.

Basi tufanyeje? Tutenganishe, hatua kwa hatua, badala ya kubahatisha.

Chomoa kebo kwenye amplifaya. Ikiendelea kuvuma peke yake, gitaa halina kosa, mpelekee fundi. Usiifungue mwenyewe, maana kapasita zake zinaweza kutunza umeme hata ikiwa imezimwa.

Rudisha kebo, kisha punguza sauti ya gitaa hadi sifuri. Kelele ikibaki, tikisa kebo na jeki. Mara nyingi utasikia kwarakwara mahali palipokatika.

Ikiisha kwa sifuri, ongeza sauti kisha geuka taratibu ukiwa na gitaa. Mvumo ukibadilika kwa kila upande, ni uga wa sumaku. Sogea mbali na transfoma. Kupaka ndani ya gitaa karatasi ya alumini hakutasaidia sana hapa. Dawa yake ni pikapu ya koili mbili, hambaka, aliyoibuni Seth Lover wa Gibson mwaka 1955: koili zinapokea mvumo kinyume, unajifuta, sauti ya nyuzi inabaki.

Mwisho, gusa nyuzi, kisha gusa chuma cha jeki. Kelele ikipungua kwenye jeki tu, waya wa kwenda kwenye daraja umekatika ndani ya gitaa. Solda kidogo, umemaliza.

Mwaka jana nilirudi kwenye ukumbi ule na bisibisi. Plagi ilikuwa vilevile, waya wa kijani umekunjwa ndani. Niliurudisha, na mvumo ukarudi, vijana wakanitazama kama mharibifu. Tukachomeka amplifaya na mikisa kwenye ekstensheni moja ya pini tatu. Duara likasinyaa, mvumo ukapungua hadi ukawa mdogo sana. Uliobaki unaisha ukishika nyuzi, na sasa unajua kwa nini.