Pleti nne au kumi na sita?

Kuna kasoro inayojirudia kwenye vijitabu vya kwaya na kadi za jubilei: herufi nyeusi zimezungukwa na ukungu mwembamba wa wekundu au samawati, na msomaji wa umri mkubwa analazimika kusogeza karatasi mbali ili asome. Lawama hutupiwa mashine, lakini mara nyingi kosa limetoka kwenye kompyuta, kabla faili haijafika kwa mchapaji.

Hapa Ndanda, kusini mwa Tanzania, suala hili lina uzito wake. Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1906, baada ya vituo vya Nyangao na Lukuledi kuchomwa katika Vita vya Maji Maji, na jina la Ndanda Mission Press limo katika vitabu vingi vya Kiswahili. Eneo lenye urithi huo halipaswi kukwamishwa na bei ya programu. Tangu mwaka 2013 Adobe imehamia kwenye malipo ya kila mwezi, mzigo ambao steshenari ya Newala haiwezi kuubeba kwa kazi mbili tatu za msimu. Ninashikilia kwamba programu huria zinatosha kwa kitabu cha kweli cha kuchapwa, mradi kila moja ipewe kazi yake.

Tuseme chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) kinataka kijitabu cha kurasa 32 za A5 kuhusu kupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga wa mikorosho. Karatasi ya A2 hubeba kurasa 8 za A5 kila upande, kwa hiyo kurasa 32 ni karatasi mbili, pande nne. Kurasa za ndani zikichapwa kwa wino mweusi peke yake, zinahitajika pleti (bamba za uchapaji) 4, moja kwa kila upande. Zikiingia rangi nne, pleti zinakuwa 16, na gharama inapanda hata kama hakuna picha moja ya rangi.

Rangi hizo zinaingiaje bila kualikwa? Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya ofseti hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Weusi wa kioo ukigeuzwa kuwa wa wino, kwa kawaida hugawanywa katika wino zote nne. Kila wino una pleti yake, na pleti moja ikisogea kidogo tu, herufi ndogo inaota kivuli. Ndiyo maana siafiki kupanga kitabu kizima ndani ya GIMP. Ni programu nzuri mno kwa picha, lakini huko maandishi mara nyingi huishia kuwa nukta za picha kama nukta nyingine.

Matini iandikwe kwanza kwenye LibreOffice Writer. Kwa Kiswahili ipo kamusi ya kukagua tahajia iliyoandaliwa na Jason Githeko wa Kenya, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu mama ya hiyo Writer, mwaka 2004. Nembo ya chama ichorwe Inkscape. Picha za mikorosho zisafishwe kwenye GIMP na kugeuzwa kuwa za kijivu. Mpiga picha atume faili asilia: iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida hupungua, na yenye nukta 1,600 kwa urefu inatosha sentimita 13 na nusu tu za uchapaji mzuri.

Kisha vyote vikutane Scribus, programu aliyoianzisha Franz Schmid mwaka 2001. Humo rangi inayoitwa Black ni wino mweusi kwa asilimia 100, bila kingine. Lugha ya matini isiachwe kwenye Kiingereza, maana kanuni zake za kukata maneno mwisho wa mstari hazijui silabi zetu. Mimi hupanga mistari kushoto tu, na neno refu kama kunyunyizia nalikata kwa mkono.

Kipimo kiko kwenye hakikisho la uchapaji la Scribus, ambako unaweza kuzima wino mmoja mmoja. Zima mweusi. Ukurasa ukibaki mtupu kabisa, kazi ni ya pleti moja kwa kila upande. Ikibaki alama hafifu ya kichwa cha habari au ya picha, pleti tatu za ziada zimejificha hapo, rudi ukairekebishe. Baada ya hapo toa PDF/X-1a, aina ya PDF ya uchapaji, fonti zote zikiwa ndani, na milimita 3 za ziada pembeni kwa ajili ya kisu cha kukatia.

Parokia na shule zinazopanga majarida yao kwa Microsoft Publisher zina sababu ya kuharakisha: Microsoft imetangaza kuacha kuihudumia Oktoba 2026. Scribus na LibreOffice Draw hufungua faili zake, ila mpangilio huvurugika. Toeni PDF ya kila toleo la zamani sasa, na matini na picha mziweke kando, wakati Publisher yenyewe bado inafunguka.